Skrubu Sita

4 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi huku mzima.

Najua bado una kinyongo tangu nilipoikimbia karakana yako ya redio. Lakini nina shida, na fundi ninayemwamini ni wewe. Kazini tunabuni kompyuta ya shuleni, ya kuandika na kusoma tu, idumu hata miaka hamsini. Nakutumia moja ya majaribio. Nimeiharibu makusudi. Itengeneze, kisha uniambie ukweli bila kunionea haya.

Mwanao

29 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Mama yako anakusalimu.

Kitu chako kimenitoa jasho! Gundi pande zote. Nimekipasha moto, nimekibembeleza, mwishowe kioo kikapasuka. Miaka hamsini ya wapi? Betri ikifa, hiki ni cha kuzuilia mlango. Sisemi kwa kinyongo. Tia skrubu za aina moja, na betri mtu aitoe kwa mkono. Nakirudisha ujionee.

Baba yako

17 Agosti

Shikamoo, baba. Nisamehe kwa kimya. Siumwi, ila nimechoka kubishana na bosi. "Skrubu zinaongeza unene," anasema, "nani atanunua?" Nikamwekea mezani kile kioo kilichopasuka. Akakitazama weee, kisha akasema, "Haya, jaribu moja. Ikishindikana, tunarudi kwenye gundi."

Ndiyo hii. Skrubu sita, bisibisi moja. Swichi nimeiua. Mkutano wa kuamua ni tarehe ishirini Septemba.

Mwanao

6 Septemba

Marahaba, mama. Hatujambo, ila kuna jambo nilikuficha. Mikono inatetemeka tangu mwaka jana. Karakana nimeifunga. Kwa hiyo kile kioo, gundi ina lawama yake na mikono yangu ina yake. Mwambie bosi wako hivyo hivyo, usimfiche.

Hii mpya nimeifungulia kwenye meza ya jikoni. Skrubu mbili zilinidondoka, mama yako akaziokota huku akinicheka. Nikabadilisha swichi, nikafunga. Ikawaka! Kwa mikono hii hii. Hilo nalo mwambie.

Ndani ya kifuniko nimeandika kwa penseli tarehe na kazi niliyofanya, kama tunavyoandika kwenye redio. Nimeandika juu kabisa, kwa herufi ndogo, ili mafundi watakaokuja wapate pa kuandika.

Baba yako