Usingoje Nyonga Yangu

Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umeamka vizuri, na Mama pia. Huku Ujerumani mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua vidole. Nyonga inaendeleaje? Mdogo wangu Kamau aliniambia kwa simu kwamba siku hizi kutoka nyumbani hadi dukani pale Gitothua unapumzika mara tatu. Akasema pia umemkatalia daktari wa Thika anayetaka kutoa kile chuma cha nyonga kilicholegea akuwekee kingine. Eti ulimjibu, "Mimi nangoja cha msichana wangu."

Niliposikia hayo, nikaketi kukuandikia.

Baba, chuma ninachobuni kina vitundu vidogo kila upande, ili mfupa umee ndani yake ukishike. Tulikiweka kwenye mifupa ya kondoo, tukangoja miezi. Juzi asubuhi tukakata ile mifupa vipande vyembamba, nikaviangalia kwa hadubini. Nilitarajia kuona mfupa umeingia vitunduni. Nikaona utepe wa nyama laini, kama kovu, katikati ya mfupa na chuma. Kipande cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu pia.

Mkubwa wangu kazini, mama mmoja mpole, aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Kuna vipande vichache mfupa umeshika," nikamwambia.

"Ungemwekea baba yako hiki?"

Hajui habari zako, aliuliza tu. Nikasema hapana.

Kwa hivyo tunaanza upya. Nadhani chuma kilikuwa kinacheza kidogo kabla mfupa haujakifikia. Kurekebisha ni kazi ya miaka, na hata hapo siwezi kukuahidi. Mfupa wako nao haungoji. Kila hatua unayopiga, hicho chuma kilicholegea kinausaga. Ukikawia, daktari atakosa mahali pa kushikisha kingine.

Najua umeshawaambia watu wa kanisa kwamba unangoja changu. Waambie nimeshindwa kwa sasa, sitaona aibu. Kamau akupeleke Thika wiki hii, na ukubali kile watakachokuwekea.

Nisalimie Mama, na Kamau, mwambie asikusikize ukianza visababu. Msalimie Cucu, nyanya yangu niliyepewa jina lake, na shangazi, Tata Njeri, anayekufulia.

Nilikuwa nimeandika hapa "nisamehe," nikaifuta. Sitaki uketi ukinisamehe. Nataka uende.

Binti yako,
Wairimu