Kimbunga cha dada ndani ya tangi

Shoga, hutaamini alichofanya dada yangu leo maabarani!

Bosi wake kawaambia wageni kwamba kile kimbunga kidogo cha majaribio alichobuni dada kwenye tangi la maji, eti amekibuni yeye. Yeye! Na dada kasimama palepale!

Basi dada akamwambia kwa adabu zote, "Karibu bosi, waonyeshe mwenyewe."

Tangi ndiyo kwanza linaanza kuzunguka, maji ya chumvi chini, matamu juu. Inabidi usubiri maji yazunguke sawa na tangi. Bosi akamwaga hapohapo rangi ya kukionyesha kimbunga! Matabaka yakavurugika, yote yakawa mekundu.

Mgeni akauliza, "Kimbunga kiko wapi?"

Bosi akamgeukia dada. Dada anatabasamu tu.

Sasa yuko sebuleni kwangu. Bosi anapiga simu, anapiga tena. Hapokei ng'o!