Nilileta Miguu Tu

Pearland, Texas, Alhamisi, Agosti 2006

Joto la leo linanata mwilini kama uji. Wingu limekaa juu ya mtaa tangu asubuhi, linatisha tu, halinyeshi. Nyumba iko kimya na sina hamu ya kula.

Mke wangu Furaha ameenda kwa dadake Fort Worth, na binti yetu Neema ameenda naye. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Wacha nieleze, maana hata mimi nataka kujielewa. Mimi ni nesi wa wagonjwa mahututi, na kinachonituliza ni mashindano ya kulenga shabaha za mbali kwa bunduki. Ukilala kifudifudi ukashusha pumzi, dunia nzima inabaki ukubwa wa sahani. Mwezi uliopita niliaibika. Standi yangu, ile miguu miwili inayoegemeza mtutu, iliruka kila nilipofyatua, ikateleza kwenye saruji, hata sikuona risasi zinatua wapi. Ray, jamaa wa kazini anayenitunzia bunduki kwake, akanipa standi mbili nijaribu, nichague moja kabla ya mashindano ya Jumamosi hii.

Ananitunzia kwa sababu Furaha alitoka Kivu, Kongo, akikimbia vita. Tulipooana aliniomba jambo moja tu: bunduki isiingie nyumbani mwetu. Nikakubali, na aki sijawahi kuileta.

Nilileta miguu.

Najua, najua. Lakini nilijiona mjanja: miguu si bunduki. Jumanne jioni nikafunga standi ya kwanza kwenye ubao uliobaki tulipounganisha kitanda cha Neema, nikafunga na pakiti ya unga wa ugali juu yake ili uwe na uzito. Nikalala zuliani, nikausukuma ubao mbele kwa bega, maana standi unaiegemea hivyo mpaka ijikaze. Ya kwanza, nyepesi, ikayumba kulia na kushoto. Ya pili ina miguu mipana na inakaa chini. Nikaisukuma, ikakataa kabisa kuhama. Nilifurahi kama mtoto. Sebule yetu ni ndefu upande mmoja tu, kwa hiyo nilikuwa nimeelekea mlangoni.

Mlango ukafunguka.

Furaha alikuwa na mifuko ya dukani, Neema nyuma yake. Mifuko ikaanguka. Kabla sijainua kichwa alikuwa ameshamsukuma mtoto nyuma ya ukuta, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikaruka juu nikipayuka, "Mama Neema, ni ubao! Ni unga tu!" Neema akauliza kwa Kiingereza chake kama baba anaumwa.

"Naona ni bunga," Furaha akasema kwa Kiswahili cha kwao Kivu, kwa sauti ndogo. "Ile miguu njo naijua. Askari walikuwa wanaiweka ku barabara, sisi tunapita mbele."

Miaka yote hii hajawahi kuniambia hilo. Nami sikuwahi kuuliza; nilidhani kutouliza ndiyo heshima. Jumatano asubuhi akapanda basi na mtoto.

Leo mchana alinipigia simu. Aliuliza kama ile miguu ingali nyumbani. Nikasema haimo. Nikamsikia akishusha pumzi, akaanza kunieleza jinsi Neema alivyolala, na moyo ukaanza kunichoma, kwa sababu ilikuwa kwenye buti ya gari. Nilikuwa nimerudia ujanja uleule, kwa mtu yuleyule, wiki ileile. Mtu mzima mimi!

Nikamkatiza, nikamwambia ukweli.

Kisha akauliza, "Na ile motokari njo utakuja nayo kutubeba?"

Nikachukua funguo za gari.

Nimetoka kwa Ray sasa hivi. Nimemrudishia standi zote mbili, na nikamwambia aiuze bunduki yangu. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Sina, jamani. Nimelia garini mbele ya nyumba yake, na sehemu ya machozi hayo ilikuwa ya bunduki, siwezi kudanganya hapa pia.

Jumamosi wenzangu watakuwa wamelala kwenye saruji na mimi nitakuwa njiani kwenda Fort Worth. Nikifika, na Furaha akikubali kukaa nami, nitamuuliza yeye na wenzake walikuwa wangapi walipokuwa wakipita mbele ya ile miguu, na ni wangapi waliofika ng'ambo.