Sabuni Ambayo Mama Yetu Sitti Hakuitia Marashi

Kumbukumbu ya Sitti binti Abubaker, Bwaise, Kampala

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipomaliza sala ya alfajiri, ukakaa kwenye mkeka kusubiri chai, na chai ikapoa mbele yako. Presha haikukupa hata nafasi ya kuita. Majirani bado wanakuita Mama Sabuni, na sisi wa nyumbani tunageuka kila jina hilo likitajwa, tukidhani utaitika kutoka kibarazani.

Ulipika sabuni kwenye kibaraza hicho miaka ishirini na miwili. Mafuriko yaliingia kila msimu, na kila msimu ulikisugua ukarudisha sigiri yako ya makaa mahali pake. Mzee wako, Abdul-Latif, alikuletea jerikeni za mawese kutoka Port Bell, anakopakua mizigo, nawe uliyaonja kwa kidole kabla hujamjibu salamu. "Mafuta kwanza, mume baadaye," ulimwambia. Alicheka, ingawa alijua husemi mzaha.

Ulijaribu kutufundisha wote, lakini aliyefundishika ni Nabila, binti yako wa pekee. Ulimwonyesha kwamba kostiki, hiyo dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu yake. "Maji ndiye mwenyeji," ulisema. "Mgeni ndiye huingia." Ulimwonyesha kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, kuiacha juu ya moto mdogo mpaka ing'ae, halafu kugusisha tone kwenye ncha ya ulimi. Ikiuma, bado. Isipouma, imeiva.

Marashi yalikuwa ya mwisho. Uliipua sufuria, ukaifunika, ukakaa kwenye kigoda na kuvuta tasbihi mizunguko mitatu. Ndipo ulipofungua chupa ya kahawia, yenye sandali, karafuu na mchaichai ulivyochanganya mwenyewe. Marashi yakikuta sufuria ya moto huruka yote na moshi. Hukuwa na saa kibarazani, wala hukuitaka.

Ulikosea pia, na ulituachia tukucheke. Kuna mwaka ulitaka sabuni nyekundu ya karkade, kwa kuwa bibi yako alikaribisha wageni kwa kinywaji cha maua hayo mekundu. Ilipokutana na kostiki, wekundu wote ukageuka rangi ya maji ya mtaro. Abdunoor, kitinda mimba wako, akaiita Sabuni ya Mafuriko. Hukuitupa. Uliiogea yote mwenyewe miezi miwili, na kila ukitoka bafuni ulimuuliza, "Nitazame vizuri, nimeota magugu?"

Mama, yanayofuata yanamhusu Nabila. Amekubali tuyaandike.

Unakumbuka sabuni sitini za bi harusi. Wenye shughuli walikuwa wamekaa uani wakisubiri, na Nabila, kwa haraka, akamimina marashi sufuria ikiwa bado motoni. Harufu ya thamani yote ikapanda juu ya mabati, ikaenda zake. Ulitoka ukamwambia mbele ya wageni, "Mkono wako hauna subira. Usiguse tena chupa yangu." Nabila alikuwa na miaka ishirini na saba, na aliaibika kama mtoto. Alifunga nguo zake kwenye gurbaba, shuka yake ya kujitanda, akaenda kupanga chumba Kabalagala, akapata kazi ya kuuza mafuta ya nywele dukani.

Miezi mitatu hakuja wala hakupiga simu. Wewe nawe hukupiga. Sisi tuliobaki katikati tulisema damu nzito kuliko maji, watapatana wenyewe. Mzee anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Asubuhi uliyofariki maji yalikuwa yamejaa Bwaise. Nabila alishuka kwenye boda pale Bombo Road, akavua viatu, akatembea ndani ya maji mpaka nyumbani. Alifika wanawake wamekwisha kukuosha na kukukafini. Tulikuzika kwenu Bombo siku hiyohiyo. Tangu hapo alikuwa na swali moja tu, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu: je, ulikufa una radhi naye?

Chini ya kitanda chako tulikuta boksi la sabuni kumi na sita, manjano chini, nyeupe juu, zimekatwa sawasawa kama ulivyozoea. Hazikuwa na harufu yoyote. Abdunoor alikwisha ogea tatu kabla hajatambua. "Mama alisahau marashi," alisema. "Kumbe alikuwa anaumwa." Nabila alisikia hivyo, akaona kosa ni lake, kwamba kama angekuwapo usingesahau. Alirudi kuishi nyumbani, akafagia, akapika, akamliwaza Mzee kwa maneno mazuri, ila sigiri yako hakuiwasha. Chupa ya kahawia ilikaa rafuni mwaka mzima, na yeye akiifutia vumbi kwa kitambaa, bila kuigusa kwa vidole.

Mwezi uliopita alikuja Ajok. Unamjua, jirani yetu mke wa polisi, aliyekuwa akikuletea yale mafuta meupe ya mti wa yaa kutoka kwao Kitgum. Mumewe alihamishwa wiki mbili kabla hujafariki, simu yake ikaibiwa safarini, na habari zako hakuzipata mpaka alipogonga mlango akiwa na kopo la yaa mkononi akikuulizia. Alilia mpaka Mzee akamletea maji. Alipotulia, Nabila alimpa sabuni moja kutoka kwenye lile boksi iwe ukumbusho, akamwomba radhi kwamba haina harufu, Mama alisahau.

Ajok aliinusa, akamtazama.

"Bambi, maskini Nabila, nani alikwambia amesahau? Hii mimi nilikuwa hapa akipika. Nilimwambia, Mama Nabila, na marashi? Yeye akacheka. Akasema, sijasahau, hii ni ya Nabila. Atakuja kutia mwenyewe. Mimi nitashika tu mwiko."

Mzee ndiye aliyeuliza, "Alisema hivyo?"

"Alisema, Mzee. Nikamwambia, kale, haya, basi piga simu, mwite. Akakataa. Ati mtoto ndiye anakuja kwa mama, si mama kwenda kwa mtoto. Lakini kila Ijumaa alikuwa anatoa hiyo boksi, anaweka hapa nje karibu na sigiri. Ikifika magharibi anarudisha ndani. Ijumaa nne nimeona na macho yangu." Akapangusa uso kwa kanga. "Mlikuwa vichwa ngumu, nyinyi wawili. Pole, lakini ni kweli."

Tulidhani habari hiyo itamtua Nabila mzigo. Ilimtua mmoja, ikamtwisha mwingine. Alijua sasa kwamba radhi yako alikuwa nayo wakati wote akiitafuta. Alijua pia kwamba Ijumaa zile alikuwa chumbani kwake Kabalagala, siku yake ya mapumziko, amelala chali akitazama dari, akisema moyoni kwamba wewe ndiye wa kuanza kuita. Alilia siku tatu, Mama. Hatukumnyamazisha.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, aliwasha sigiri yako. Sabuni iliyokwisha iva inakubali kurudishwa jikoni, wewe ndiye uliyetufundisha. Alizikwangua zote kwa kisu, akatia maji kidogo, akaweka sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, akasubiri zilegee. Manjano na nyeupe zikachanganyika, zikawa rangi moja iliyofifia. Alionja kwa ulimi ingawa hapakuwa na haja. Akaipua, akafunika, akakaa kwenye kigoda chako na tasbihi yako.

Alivuta mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulikuwa tumesimama mlangoni sote. Baada ya wa tatu alitazama chupa, akarudi akavuta wa nne. Hatukumharakisha.

Alipoifungua, Abdunoor alisogea akataka kumshikia mwiko akoroge huku yeye akimimina. Nabila alitikisa kichwa. "Huo ni wa Mama," alisema. Akamimina kwa mkono wa kulia, na mwiko akaushika kwa wa kushoto. Sabuni iliruka mpaka kwenye nguo yake, lakini mwiko hakuuachia.

Harufu ilitoka uani ikafika njiani. Mama mmoja muuza nyanya alisimama na beseni lake, akatugeukia, akaonekana anataka kusema kitu. Kisha akakumbuka kwamba hupo, akainamisha kichwa, akaendelea na safari yake.

Dua yako tutaisoma nyumbani, Jumapili baada ya alasiri. Kila atakayekuja ataondoka na kipande cha sabuni hiyo. Ni kibaya cha sura, kimejaa vijishimo, wewe ungekikosoa kabla hujakishika. Tafadhali akiogee, asikiweke kabatini. Na kama ana mtu aliyenuniana naye, kila mmoja akingoja kuitwa, basi asisubiri Ijumaa nyingine.

Wanaokukumbuka ni mumeo Abdul-Latif, ambaye hadi leo akirudi kutoka Port Bell huita "mafuta yamefika" kabla hajavua viatu; mwanao Abdunoor, anayeomba asamehewe zile sabuni tatu; dada zako wa Bombo; Ajok na watoto wake; na Nabila, ambaye amekuja, Mama. Amechelewa, lakini amekuja, na marashi ametia.

Hatutaacha kukukumbuka. Mwiko wako tumeuosha na kuuegemeza karibu na sigiri, kwa sababu ulisema utaushika.