Alama Ambazo Hakuna Aliyezipiga

Dada yangu Furaha,

Tangu tukuzike sijakuandikia neno. Wakiniuliza, nasema kazi ni nyingi. Uongo mtupu, naona haya.

Ulikuja kwetu Kimanga na mtoto wako Neema, wa wiki sita, mgongoni. Nikakutania kwamba uzazi umekunenepesha. Kisha kitenge kikateleza begani, nikaona mkono wako umevilia damu, mweusi ti kutoka bega hadi kiwiko. Nikauliza ni nani.

"Muntu hakuna. Inakuya yenyewe tu."

Nikauliza tena, ukakasirika: "Bosco hanipigake, weye! Bwana yangu iko muntu muzuri."

Wanawake wangapi husema hivyo? Nilijiona mjanja. Nikamkataza mumeo kukanyaga kwetu, nikaita wazee wa ukoo. Unajua desturi: mume aliyempiga mkewe hamwoni tena mpaka alete mbuzi na kuomba radhi. Haikupita wiki, Bosco akamleta mbuzi. Akapiga magoti mbele ya baba: "Munisamehe." Wewe ulilia, ukasema hajakosa kitu. Mimi nikasema, mwenyewe amekiri.

Basi hata maumivu yalipokuzidi tukakupeleka zahanati, na muuguzi alipouliza juu ya zile alama, nilikuwahi kujibu: alipigwa na bwana yake, na yameisha. Akakudunga sindano ya maumivu, paja likavimba likawa gumu kama ubao. Tukangoja lipungue. Siku zikapita hivyo, nyingi.

Tulipovuka mpaka Kavimvira kwenda Bujumbura, daktari alitoa damu ikapimwe. Majibu yalitoka umeshapoteza fahamu. Akanieleza kwamba ugonjwa huu ni nadra, hukuzaliwa nao. Mara chache huja baada ya kujifungua. Mwili unageuka na kushambulia kile kinachoigandisha damu. Dawa za kuutuliza zipo, akasema, ila ulikuwa umevuja sana ndani. Hukufika asubuhi ya pili.

Juzi nilimwendea Bosco, nikamuuliza kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Alikuwa anamlisha mtoto uji, hakuniangalia.

"Mulinikataza kumuona bibi yangu. Ningefanya nini?"

Nilikaa pale mpaka uji ukaisha.

Dada, ukweli ulitoka kinywani mwako mwenyewe. Mimi nilingoja karatasi ya maabara ndipo nikuamini, na nilipokuambia nakuamini, ulikuwa husikii tena.

Pumzika, mama Neema. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako