Vidonge Vilipoacha Kunisaidia

Pioneer, Eldoret

Kwa kaka yangu Barasa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Goti la Mama linaendeleaje tangu mvua ianze? Na watoto, na darasa lako, wote wako salama? Ningependa kuandika kwamba mimi pia ni mzima. Sikukupigia kwa sababu simu ya nyumbani Mama huiweka spika, na haya sitaki ayasikie. Barua nimempa Mama Sharon, jirani yangu hapa kwenye plot ya vyumba vya kupanga, anayekuja huko kumwona binti yake. Isome ukiwa peke yako.

Unajua nauza maziwa kwa duka la Mama Chebet. Ambalo sikuwahi kukuambia ni kwamba maziwa yalinikataa tangu wiki ya kwanza. Wakulima wakileta mitungi asubuhi, mimi ndiye ninayeonja kujua kama yameharibika. Nikionja, halafu ninywe chai ya saa nne, tumbo lilikuwa linafura na kunguruma mpaka wateja wanaangaliana, kisha nakimbilia choo. Niliogopa kufutwa. Nani atamweka muuza maziwa ambaye hawezi kunywa maziwa?

Faith, msichana wa duka la dawa hapa karibu, ndiye aliyenifungua macho. "Hata si ugonjwa, Mama," aliniambia. "Watu wengi wako hivyo. Tumbo lako limepungukiwa na kimeng'enya, ile kitu inasaga sukari ya maziwa. Hizi vidonge ndizo hicho kimeng'enya. Meza moja ukianza kunywa, usingoje uanze kuumwa."

Kaka, vilinisaidia kweli. Karibu mwaka mzima niliishi kama watu wengine. Krismasi Mama Chebet alinipeleka kwao Plateau, na baba mkwe wake akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kuchacha yenye unga wa mkaa. Nilimeza kidonge changu kwa siri na nikamaliza kikombe. Mzee alicheka sana. "Huyu sasa ni wetu," akasema. Nilifurahi.

Baada ya Pasaka tumbo likarudi. Nilidhani vidonge vimepoteza nguvu, nikaanza kumeza viwili. Kisha vitatu. Mwezi uliopita nilikuwa nameza vinne kwa kikombe kimoja cha chai, na bado kulikuwa na kitu kinanichoma hapa chini ya kifua. Ugali nikila matonge mawili nimeshiba. Siku moja Mama Chebet alinishika kiuno mbele ya wateja akauliza, "Nafula, mbona sketi inakuzunguka?" Nilimwambia nafunga kwa maombi. Mungu anisamehe.

Nilirudi kwa Faith kununua vingine. Aliniangalia, akarudisha pakiti kwenye rafu.

"Umekonda sana. Maziwa haikondeshi mtu hivi."

"Niuzie tu."

"Sikuuzii. Acha maziwa kabisa, wiki mbili. Hata ya chai. Kama shida ni maziwa, tumbo itatulia. Isipotulia, usirudi hapa, enda hospitali."

Wiki mbili nilikunywa strungi, chai bila maziwa. Kuonja nilimwachia Mama Chebet, nikamwambia nina vidonda mdomoni. Tone la maziwa halikupita kooni mwangu. Tumbo halikutulia. Siku ya kumi choo changu kilikuwa cheusi kama lami, na hapo nilimkumbuka Baba. Nilikumbuka akiwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, anatoboa tundu lingine kwenye mshipi wake kwa msumari wa moto, na Mama akimwambia ale, naye akisema ameshiba.

Nilienda hospitali. Walinipitisha mpira wenye kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama ya tumbo kupeleka maabara. Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza kama kwetu kuna mtu aliyeugua tumbo. Nikasema Baba alikufa kwa vidonda vya tumbo.

"Nani alisema ni vidonda?"

Ni wewe uliyesema, kaka.

Jana nilirudi kuchukua majibu. Alikuwa na karatasi mkononi, lakini aliigeuza juu ya meza. "Umekuja na nani leo?" Nikamwambia niko peke yangu. Akasema, "Alhamisi ijayo uje na mtu wa familia." Nilimwomba aniambie tu. Akanishika mkono, akarudia, "Njoo na mtu wako."

Barasa, wewe ndiye uliyeingia na Baba kwa daktari ile mara ya mwisho. Sisi tulingoja nje kwenye benchi. Ulitoka macho mekundu, ukasema ni vidonda, na hakuna aliyekuuliza tena. Sikulaumu. Ulikuwa mdogo, na Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu Wanjala. Lakini leo nakuuliza, na usinifiche: yule daktari aliwaambia nini?

Na ile dawa ya gesi unayokunywa kila jioni baada ya chakula, usinunue chupa nyingine kabla hujapimwa. Nilifurahia vidonge vyangu nikasahau kuuliza vinanyamazisha nini. Wewe usifanye hivyo.

Mwambie Mama kazi ni nyingi, ndiyo maana sipigi. Msalimie wifi yangu, mke wako, umshukuru kwa zile njugu. Sikuweza kuzila lakini usimwambie. Wanjala, kitinda mimba wetu, mwambie asome.

Nakungoja Jumatano jioni hapa kwangu. Kama Baba aliambiwa neno lingine, nataka nilisikie kwako kabla ya daktari kuigeuza ile karatasi.

Mimi dada yako,
Nafula