Miaka Minne ya Dada Shirin

Jumapili, manyunyu tangu asubuhi

Nina hasira leo, na hasira yenyewe sijui niitue wapi.

Dada yangu Shirin amekataa kuja kwenye sherehe yake. Ukumbi wa Kenton, hapa London, tumeshaulipia, keki imeandikwa sabini. Jana alinipigia, akasema, "Sitaki keki ya mtu mwingine," akakata simu.

Ana sabini na nne. Tulipokuwa tunaondoka Dar es Salaam, baba aliambiwa kwamba mtoto aliyevuka miaka kumi na minane hataingia Uingereza kwa pasipoti ya baba. Shirin alikuwa na ishirini na moja. Baba akampunguzia minne. Wiki nzima tulikaa mezani tukikariri umri wake mpya, hata mimi wa miaka minane, ili afisa akiuliza tusitofautiane. Shirin mwenyewe hakuulizwa anataka nini.

Akaingia. Akafungasha vyakula vya abiria wa ndege huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, mpaka mgongo ukamwisha, kisha akaambiwa aendelee kusubiri pensheni, kwa kuwa makaratasi yanasema bado hajafika.

Nilimpigia kaka yetu Karim, aliyeagiza keki, nikamsema vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"System yako ndiyo inasema seventy," akasema. "Mimi nime-check."

System yangu. Niliiandika nilipostaafu, programu nyepesi ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za ukoo. Unaandika "Shirin, kuzaliwa", inakupa jibu. Ukilibadilisha, la zamani halifutiki. Linakaa chini ya jipya, pamoja na jina la aliyebadilisha. Niliiandika hivyo makusudi, kwa sababu familia yetu imefuta mengi.

Nikafungua rekodi za zamani. Ya kwanza aliiandika Shirin mwenyewe: mwaka wake wa kweli. Siku tatu baadaye, mwaka wa pasipoti.

Aliyebadilisha ni mimi.

Nimekumbuka. Niliona mwaka haulingani na pasipoti, nikadhani dada kakosea kuandika. Nikamsahihisha, nikaendelea na chai yangu.

Nimeurudisha mwaka wake. Sasa rekodi ni tatu, na ile ya kati itabaki pale na jina langu. Kisha nikampigia Shirin, nikamweleza yote.

"Niliona jina lako tangu siku ile," akasema. "Nikajua hata wewe umeshauamini ule mwaka wa pasipoti."

Nilitaka kukataa. Sikuweza, kwa sababu ni kweli.

Nilianza kuamini lini?